Maji ya Jumapili

Jumamosi, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma cha duka la Jabiri, mjini Arusha, kilinuka mafuta ya taa. Jabiri, mkubwa wao, hakuwa na maneno mengi.

"Kesho setla, yule Mzungu mwenye shamba, anakwenda kuwinda. Watu watakuwa kanisani. Tunapakia kahawa yake, tunarudi mjini. Dereva, polisi wakikusimamisha?"

"Sisimami," alisema Aminieli.

Mwaka jana aliwakimbia polisi na lori. Hakimu akamwonya: ukirudia, miaka saba, kazi ngumu. Tangu kesi ile hakuna tajiri aliyempa usukani, na mkewe, Eunike, alikuwa karibu kujifungua. Jela ingemmeza kabla hajamwona mtoto.

"Ukiwakimbia, unajificha wapi?"

Akajibu Bariki, kaka yake Eunike. "Kwangu, juu ya kijiji cha Maji ya Chai. Anapinda kulia, anavuka mfereji, anaingia migombani. Nitamfungulia uzio."

"Lori likizama kwenye mfereji huo?"

Aminieli na Bariki, Wameru wote wawili, wakacheka. Siku za kazi maji yalifunguliwa kwa zamu na njia ikawa tope tupu. Jumapili nani angethubutu kuyafungulia? Angetengwa kanisani.

"Jumapili pakavu, bwana Jabiri," alisema Aminieli. Mfereji ule aliuchimba kwa mikono yake alipokuwa akimposa Eunike.

Alhamisi, siku mbili kabla, Bariki alikuwa amekamatwa na gunia la kahawa ya wizi. Jioni akaachiwa. Aminieli hakumwuliza kwa nini. Kaka wa mkeo hahojiwi kama mwizi, hata mkiwa wezi wote wawili.

Jumapili, saa nne asubuhi.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Mlinzi akafungwa kamba. Magunia yakapanda. Jabiri akaingia mbele, lori likatoka.

Darajani, Maji ya Chai, palisimama Landrova ya polisi. Askari akanyoosha mkono.

"Wametujuaje?" Jabiri alifoka. "Kanyaga!"

Aminieli akakanyaga. Askari akaruka pembeni. Filimbi ikalia, Landrova ikageuka. Wauza ndizi wakatupa mikungu na kukimbia. Lori lilikuwa zito, Landrova nyepesi, lakini Aminieli alizijua kona zile. Kwenye kona ya tatu vumbi lao likawafunika polisi.

"Wamepotea! Pinda!"

Akapinda kulia. Mlima. Gia ya pili. Uzio ulikuwa wazi, na migomba ile pale, hatua chache tu. Moyo wake ukatulia.

Halafu akaona njia inang'aa.

Maji. Siku ya Jumapili.

Breki hazikusaidia kitu. Magurudumu ya mbele yalizama, lori likainama, injini ikazima. Jabiri aliruka akakimbilia migombani. Askari wawili walikuwa wakimngoja humo.

Kando ya mfereji alisimama Bariki, jembe mkononi, tope hadi magotini.

"Shemeji," Aminieli alisema. "Wewe?"

"Ilikuwa mimi au wewe."

"Nimekuchimbia mfereji huu, Bariki."

"Ulimchimbia Eunike."

Landrova ikafika. Pingu zikafungwa. Aminieli hakupigana. Alikuwa na hasira, na aibu iliyozidi hasira, kwa kuwa alicheka pale dukani mfereji ulipotajwa.

Saa sita kasorobo.

Kanisa lilitoka. Eunike alikuja akishika tumbo, kitabu cha nyimbo kwapani. Akaona watu, akaona maji yakitiririka njiani.

"Kaka, nani amefungulia maji leo?"

Aminieli akafumbua mdomo. Bariki akamtangulia.

"Mumeo. Zamu yenu ni kesho, hakuweza kungoja. Alifungulia alfajiri akaenda kuiba. Mimi nimekuta nikaanza kuziba."

"Eunike, mwongo huyu!"

Eunike alilitazama jembe la kaka yake, kisha akamtazama mumewe. Ndiye aliyetoka nyumbani alfajiri bila kuaga.

"Jumapili, Aminieli?" alisema. "Hata Jumapili?"

Kuhusu pingu hakuuliza. Akampa kaka yake mkono, amvushe maji.