Begi Lililobaki Tunduma

"Hili haliendi," Shadrack alisema, akalivuta begi kubwa mpaka pembeni ya kitanda.

"Lina blanketi langu, Shedi."

"Dodoma joto. Utalala na shuka."

"Na sufuria?"

"Sufuria ziko kila mahali. Mimi utingo wa lori, nafika Ndola kule Zambia na begi moja la mgongoni. Ukisafiri kwa basi, mzigo wako ni ule unaoweza kuubeba mwenyewe."

Fides alicheka. Alikuwa ametoka kwao Iyula asubuhi ile na mabegi mawili na ndoo ya unga, vyote vimefungwa na baba yake, Abrahamu, mkulima wa kahawa ambaye hakuwahi kuwa na mtoto wa chuo kikuu. Sasa vitu vilikuwa vimetapakaa kwenye chumba cha Shadrack, Tunduma. Basi lilikuwa la kesho yake alfajiri, na yeye angelala kwa shangazi yake, mtaa wa pili.

"Liache hapa," Shadrack alisema. "Krismasi nakuletea mwenyewe."

"Kweli utakuja?"

"Miaka mitatu yote hii, Fide, leo ndiyo nikutupe?"

Akaondoka na begi dogo: nguo chache, kanga mbili, Biblia na bahasha ya vyeti vya shule.

Chuoni Dodoma, chumba cha bweni walikuwa wanne. Wenzake watatu walitoka shule moja, wakicheka mambo yao. Fides alilalia kanga moja, akajifunika nyingine. Jioni alikuwa anakaa ngazini na simu mkononi, akingoja mtu wa Tunduma. Siku za kwanza Shadrack alipiga. Baadaye zikawa meseji. Kisha kimya.

Wiki ya pili, Jumatatu, karani wa usajili alizipekua karatasi zake.

"Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Nina nakala."

"Tunataka chenyewe. Mwisho Ijumaa saa tisa. Ikipita hapo, nafasi yako anapewa mwingine."

Cheti kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa lile begi kubwa. Akampigia Shadrack. Simu iliita mpaka ikakata. Akaandika: "Shedi naomba pokea, ni kuhusu chuo." Jumanne akapiga mara kumi na moja. Jumatano mchana, ngazini palepale, simu ikapokelewa.

"Halo? Mulishani, wifi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, akisalimia kwa Kibemba.

"Nani mwenzangu?" Fides aliuliza.

"Violet. Samahani, wifi, nilikuwa naogopa kupokea simu ya mume wangu. Yuko Zambia, akivuka anatumia laini ya kule, hii anaiacha nyumbani. Leo nimeona Fide Dada inaita tena na tena, nikasema labda kuna msiba."

Fide Dada. Ndivyo Shadrack alivyomwandika kwenye simu.

"Wifi, upo?"

"Nipo."

"Alijitambulisha kwa wazazi wangu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwezi uliopita. Mbona hukuja? Mimi nimehamia hapa wiki hii."

Mwezi uliopita Fides alikuwa Iyula akihesabu siku za kwenda chuo, na Shadrack alimwambia yuko safari. Alitaka kupiga kelele. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na mwanamke huyu peke yake ndiye aliyekuwa karibu na lile begi.

"Wifi," alisema. "Kuna begi kubwa hapo."

"La bluu? Aliniambia la dada yake."

"Mfuko wa pembeni kuna cheti changu cha kuzaliwa. Nisipokipata hapa Dodoma kufikia Ijumaa, nafukuzwa chuo."

Akasikia zipu ikifunguliwa, karatasi zikipekuliwa.

"Nimekiona. Fides." Violet alikuwa anasoma taratibu. "Jina la baba, Abrahamu."

Akalirudia jina lile.

"Baba yake Shadrack ni Barnaba," Violet alisema.

"Ndiyo."

"Mama mmoja?"

"Hapana."

"Basi wewe si dada yake."

Fides angeweza kusema ni mtoto wa baba mdogo, na uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Akaona amechoka.

"Si dada yake. Tuna miaka mitatu. Alisema anangoja nimalize chuo, anioe."

Simu ikakatika. Akapiga tena. Imezimwa.

Alikaa pale ngazini mpaka wenzake wakapita kwenda kula. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alijilaumu kwa kusema ukweli, kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Alhamisi saa moja asubuhi simu ikaita. Violet tena.

"Nimempa kondakta wa basi la Dodoma. Kiko kwenye bahasha ya kaki, nimeandika jina lako kamili. Kesho asubuhi kichukue ofisini kwao stendi."

"Violet, sijui niseme nini."

"Usiseme. Mimi niliacha shule darasa la saba. Singeweza kukizuia."

"Wewe utafanyaje?"

"Nakwenda kwa mama Nakonde. Akirudi atakuta funguo kwa mwenye nyumba."

Ijumaa saa nne karani aligonga muhuri. Fides alipotoka nje, Shadrack alikuwa anapiga.

"Fide, mmeongea nini na yule? Amehama. Nisikilize, yule ni mambo ya wazazi tu, wewe ndiye—"

"Shadrack, begi mpelekee shangazi."

"Usifanye hivyo, nakuja Dodoma."

"Usije. Nimesajiliwa. Sikusubiri tena."

Akamfungia namba. Watu walipita wawili wawili kuelekea madarasani. Alitamani kumwambia mtu kwamba sasa yeye ni mwanafunzi. Akampigia baba yake.

"Baba, nimesajiliwa."

"Mungu mkubwa. Shadrack ameshasikia?"

"Shadrack hayupo tena, baba."

Fides alisikia Mzee Abrahamu akiweka jembe chini.

"Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale, mama. Ukimaliza nipigie, tuongee. Leo siendi shamba."