Mayai ya Darasa la Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mheshimiwa alikunywa chai yake amesimama huku akimsimanga dada yake. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa kuwa alipenda kusema kuliko kusikiliza, naye akalichukulia kuwa sifa.

"Miaka minne chuo kikuu, kusomea kula," alisema siku hiyo, akifuta mdomo kwa kiganja. "Mimi nilijua kula kabla sijaota meno."

Dada yake alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya lishe katika chuo kikuu cha serikali, na alikuwa amerudi nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Aliendelea kuutia mzani kwenye mfuko.

"Ukimaliza utatufundisha nini, dada? Kutafuna?"

"Mwanangu, kinywa hicho kitakuponza," mama yao alisema kutoka jikoni.

Kumbe siku hiyo dada alikuwa anakwenda shuleni kwao. Mwalimu wa darasa alimtambulisha na kueleza kwamba dada huyo angempima kila mwanafunzi uzito, kisha amuulize vyote alivyokula jana yake. Ambaye chakula chake kingeonekana haba angepelekwa zahanati siku hiyohiyo kupimwa damu. Baada ya hapo mwalimu na dada wakatoka nje kupanga meza barazani.

"Mheshimiwa, huyo si dada yako?" aliuliza mvulana wa dawati la nyuma. "Si ulisema anasomea udaktari wa upasuaji?"

Darasa likaangua kicheko. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mheshimiwa akapanda juu ya dawati.

"Hizo ni porojo tu za chuoni. Mwambieni mmekula mayai, maziwa na nyama, yaishe. Au mnataka darasa letu lionekane la wenye njaa?"

Kisha akamgeukia msichana aliyekaa naye, ambaye darasa zima lilimwita Bi Usingizi kwa sababu kila siku alilala kabla ya mapumziko. Mheshimiwa alimdharau kuliko wote. "Na wewe usituaibishe. Useme mayai."

Msichana akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka mno kubishana.

Barazani, dada aliweka bakuli na maharage makavu ili kila mmoja aonyeshe kiasi alichokula. Mvulana wa dawati la nyuma alilijaza bakuli hadi maharage yakamwagika.

"Nyama hiyo yote uliila peke yako?"

"Nyingine niliacha, dada."

"Na darasa zima mmekula mayai," dada alisema. "Kuku wa mtaa huu wana kazi kweli."

Lakini uzito wa watoto haukulingana na karamu walizosimulia. Alipanga kurudi kesho yake awahoji upya, kwa kuwa kwa majibu yale hapakuwa na hata mmoja wa kupelekwa zahanati.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi iliyofuata, wakiwa mstarini, Bi Usingizi alianguka kifudifudi, akapasuka mdomo. Mwalimu alimbeba mikononi hadi zahanati, na dada akaenda nao.

Jioni dada alirudi nyumbani, akamkuta Mheshimiwa mlangoni.

"Ana upungufu mkubwa wa damu," alisema. "Moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amelala. Ameniambia ni wewe uliyemwagiza aseme mayai."

"Nilikuwa natania tu, dada."

"Unajua alichokula? Chai ya rangi asubuhi. Usiku wali mtupu, na chai tena. Miezi na miezi. Angesema kweli, jana hiyohiyo angeanza dawa. Nidharau mimi utakavyo, nimeshazoea. Lakini umemnyima mwenzako tiba ili ucheke na marafiki zako."

Dada alimtazama kwa dharau ileile ambayo Mheshimiwa alizoea kumtazama nayo. Ilimuuma kuliko fimbo. Alilia.

Kesho yake aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa.

"Niliwafundisha uongo," alisema. "Dada yangu anasomea lishe, si upasuaji. Na mimi jana asubuhi nilikunywa chai na kipande cha mkate. Mayai sijayaona mwezi huu."

Hakuna aliyecheka. Wakahojiwa upya, mmoja baada ya mwingine, na safari hii wengine wanne walipelekwa zahanati.

Msichana aliyeanguka alipewa vidonge vya kuongeza damu. Dada alikwenda kwao, akaketi na mama wa msichana, mfua nguo, wakapanga vyakula alivyoweza kuvinunua: maharage, mboga za majani, na chungwa baada ya kula. Alimweleza pia kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya kujenga damu, hivyo ingojee saa moja au zaidi baada ya kula. Baada ya wiki kadhaa msichana hakusinzia tena, na kwenye hesabu akaanza kumwacha Mheshimiwa mbali.

"Nisamehe," Mheshimiwa alimwambia.

"Nimekusamehe. Ila usiniite tena Bi Usingizi. Nilikuwa naumwa."

Mwalimu aliwasikia. Alifunga kitabu chake.

"Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende," aliliambia darasa. "Angalau huo ni mguu wake mwenyewe. Hapa mmoja alidharau, wengine mkamfuata, na mguu uliovimba ni wa mtoto ambaye hakumdharau mtu. Kabla hujaicheka elimu usiyoijua, au kumwekea mwenzako uongo mdomoni, jiulize ni nani atakayeumia. Mara nyingi huwa si wewe."