Magurudumu Hayakushuka

Mwaka 1991 Enos Ogola alikuwa rubani wa ndege ndogo ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu. Yeye, mkewe Dorca na mtoto wao Adero walipanga nyumba Migosi, mtaa wa Kisumu. Ndege ikipita juu ya paa, Dorca aliacha kufua akatazama juu.

"Huyo ni Baba Adero," aliwaambia majirani.

Mwezi wa Agosti kaka yake Dorca, Tom, alipanda ndege ya Enos. Alikuwa akienda Asembo Bay, kwa mama yao mgonjwa. Enos alimpa kiti kidogo nyuma ya marubani. Njia nzima walizungumza.

Ziwa lilipoonekana, rubani msaidizi, Abeid, alianza kusoma orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kutua.

"Mafuta."

"Sawa," Enos akajibu.

"Magurudumu."

"Shemeji," Tom akasema, "mama akizidiwa, tumlete kwako?"

Enos akageuka. "Mleteni. Dorca atamtunza." Kisha akamwambia Abeid, "Endelea."

"Taa."

"Sawa."

Hakuna aliyeshusha magurudumu. Kengele ya hatari ilipolia, walikuwa wamechelewa. Ndege iligusa lami kwa tumbo, ikateleza, ikaingia majanini. Abiria walitoka na majeraha. Tom alikuwa amefungua mkanda ili asogee karibu. Aligonga kichwa. Alifariki siku ya tatu.

Migosi watu walisema Enos alikuwa amelewa. Dorca naye hakumsemesha mumewe.

Baada ya mazishi akaja mchunguzi wa ajali za ndege. Dorca alimuuliza mbele ya Enos, "Alikuwa amelewa?"

"Hapana, Mama. Alipimwa. Alikuwa anaongea."

"Kuongea tu?"

"Wewe unapika, unataka kutia chumvi. Mtu anabisha hodi. Ukirudi, unakumbuka kama ulitia?"

"Wakati mwingine naona nimetia, kumbe bado."

"Ndivyo ilivyokuwa. Alisikia neno magurudumu, kichwa chake kikaona kazi imekwisha. Ndege ikipanda au ikishuka, marubani wasiongee mambo mengine. Orodha ikikatizwa, waianze upya."

"Abeid hakuniambia kitu," Enos alisema polepole.

"Ulikuwa umemzoesha kukuambia?"

Enos akainamisha kichwa.

Jumapili alikwenda Asembo peke yake. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, "Tom hakukosea kuuliza. Mimi ndiye sikupaswa kujibu."

Enos alikaa mwaka mzima bila kurusha ndege. Aliporudi kazini, alimwambia Abeid kila asubuhi, "Nikikosea, nikatize."

Siku moja, Abeid akisoma orodha wakikaribia kutua Kisumu, abiria mmoja alifungua mlango wa marubani, akauliza watafika saa ngapi. Enos akaanza kugeuka.

"Kapteni, tuanze mwanzo," Abeid akasema.

Wakaanza mwanzo. Magurudumu yakashuka, wakatua salama. Yule abiria aliteremka akinung'unika kwamba marubani wana kiburi.

Jioni Enos alimsimulia mkewe.

"Mlibeba watu wangapi?" Dorca akauliza.

"Kumi na wanne."

"Basi leo kuna nyumba kumi na nne hazina kilio," akasema. Kisha yeye mwenyewe akalia, na Enos akakaa kando yake.