Mafuta ya Jiko la Bibi Mastura

Kila asubuhi kabla ya shule, Nasma hufagia uwanja, huteka maji, kisha hujaza mafuta ya taa katika jiko la bibi yake. Bibi Mastura hukaanga bajia za kunde. Jiko huliwasha saa nne, ili wanafunzi wa kijiji chao cha Quiterajo wakitoka kwa mapumziko wazikute bado za moto.

Jumatatu moja chupa ya mafuta ilimponyoka, nusu ikamwagika mchangani. Juzi tu bibi alikuwa amemgombeza kwa uzembe. Nyuma ya mlango palikuwa na dumu la mjomba Rizuane, la petroli ya mashine ya boti. Nasma akaijaza chupa kwa petroli hiyo, akaitikisa, akaitazama juani. Mafuta yaling'aa kama ya jana. Akajaza jiko, akaenda shule.

Darasani, mwalimu wao, Profesora Deolinda, alitia chumvi katika glasi ya maji, akakoroga mpaka ikapotea.

"Mnaona nini?"

"Maji matupu!" alijibu Alawi.

"Haya, onja."

Alawi alikunja uso, wenzake wakacheka.

"Chumvi peke yake ni dutu safi," alisema mwalimu. "Ikiingia majini, tumepata mchanganyiko. Mchele wenye mawe mtauona kwa macho. Huu hamuuoni, lakini chumvi imo, na ukali wake umo."

Nasma hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Profesora, na mafuta ya taa yakitiwa petroli?"

"Utaona kitu kimoja, lakini petroli hushika moto upesi mno. Jiko laweza kulipuka. Kwa nini unauliza?"

Nasma alitazama nje. Jua lilikuwa limepanda. Saa nne ilikaribia. Akisema, ataaibika mbele ya darasa zima. Asiposema...

"Nimeyachanganya mimi," alisema. "Yamo jikoni kwa bibi."

"Twende! Mbio!"

Walikimbia wote wawili, mwalimu viatu mkononi. Njia ambayo Nasma aliizoea leo haikwisha. Walipoingia uani, Bibi Mastura alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, njiti ya kiberiti mkononi.

"Bibi, usiwashe!"

Bibi akaiweka njiti chini. Nasma akaeleza yote huku analia. Bibi akainusa chupa, akaisukuma mbali na kiberiti.

"Hatuwezi kuyatenganisha, profesora?"

"Kwa vyombo vyetu hapa, hatuwezi."

Mjomba Rizuane akaitwa. Alilibeba jiko pamoja na chupa, akavipeleka mbali na nyumba. Siku hiyo bajia hazikukaangwa.

Bibi Mastura alimvuta Nasma karibu.

"Mjukuu wangu, kwa mafuta yaliyomwagika ningekugombeza, yakaisha. Kwa haya uliyoyaficha, ungenizika. Ukikosea, niambie palepale, kosa likiwa bado dogo. Hasira zangu hazijaua mtu."

"Nimesikia, bibi," alisema Nasma, naye akamshika mkono.