Antena Inayowaruka wa Karibu

"Nakupata vizuri sana, fundi. Ni kama umekaa hapa hapa sebuleni kwangu."

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ikafuatiwa na kicheko. Muuguzi alikuwa anakunja bandeji mbele ya redio yake ya mawasiliano. Zikamponyoka zote. Mama yake, aliyekuja kumtembelea akakwama hapo zahanati tangu mafuriko yabomoe daraja na kuangusha mnara wa simu, akaweka kikombe chini.

"Fundi gani huyo anayekaa sebuleni kwa watu?"

"Ni yeye, mama."

"Mchumba wako?"

"Huyo mwanamke ametaja namba yake ya hewani. Ni yeye."

"Mbona yeye simsikii?"

"Hata mimi simsikii. Namsikia huyu anayemjibu tu, wa ng'ambo ya bahari, naye ni leo kwa mara ya kwanza. Fundi simsikii siku ya kumi na tisa sasa."

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi majokofu huko mjini, ng'ambo ya milima. Wote wawili walikuwa na leseni ya redio, na hewani ndiko walikojuana. Kabla muuguzi hajahamishiwa zahanati hii, walikaa pamoja kuchagua antena ya nyumbani kwa fundi. Zilikuwa mbili: waya wa kulazwa uani, ukuta hadi ukuta, na bomba la kusimama wima, lenye nyaya za kufukia ardhini kulizunguka kama mizizi. Fundi akauliza ipi inafika mbali. Ikawa ya kusimama.

"Basi chukua hiyo," muuguzi alimwambia siku ile. "Ikifika ng'ambo ya bahari, kwangu itashindwaje?"

Wakachimba pamoja huku wakitaniana, wakaahidiana kuitana kila siku saa kumi na moja jioni.

"Huyo ana mtu," mama akasema sasa. "Wa ng'ambo ana pumzi ya kuongea naye, ya wewe wa hapa jirani hana?"

"Labda mashine yangu mbovu."

"Mashine inakamata mpaka kicheko cha yule bibi, halafu ije kumkataa fundi peke yake?"

Muuguzi akainama kuokota bandeji. Moja akaifutia machozi.

Mama naye alikuwa na lake moyoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuachwa kwenye mataa na mtoto tumboni, na huyu binti sasa alikuwa na miaka thelathini na tano. Asubuhi ile alikuwa amekutana njiani na Mwalimu Mkuu wa shule ya pale, mgane, mtu wa heshima zake, aliyekuwa akimtaka binti muda mrefu. Mama akamwambia, "Njoo kesho na wazee wako. Amekubali."

Binti hakuwa ameulizwa.

"Haya, kipenzi," redio ikasema, "usikate tamaa. Kesho saa ile ile."

Hiyo "kipenzi" ndiyo iliyomwinua mama. Akapora kipaza sauti.

"Mama, acha. Huna leseni."

"Leseni ya kukuzaa ninayo." Akabonyeza kitufe. "Wewe mwanamke. Huyo kipenzi chako ana mwenyewe. Na mwenyewe yuko hapa analia, amekonda kama sindano."

Redio ikanguruma tu. Kisha ile sauti ikarudi, polepole.

"Nakusikia kwa shida, mama. Huyo mwenyewe ni muuguzi?"

"Ndiye. Umefurahi sasa?"

"Mama, mimi nina miaka sabini na nane. Huyu kijana kila jioni anamwita muuguzi nusu saa nzima. Akichoka ananiuliza, bibi, wewe umemsikia? Namchekesha ili asilie. Tafadhali msiondoke. Leo mawimbi yamefunguka, mimi nawasikia wote wawili. Nyinyi ndio hamsikiani."

Muuguzi akajishika kichwa.

"Ni antena," akasema. "Ile ya kusimama inatupa sauti mbali, inaturuka sisi wa karibu. Na niliichagua mimi, mama. Kwa mdomo wangu."

Akachukua kipaza sauti. Bibi wa watu akawa anawapelekea maneno, huku na huku.

"Anauliza, uko hai?"

"Mwambie niko hai."

"Anasema amekwenda darajani mara mbili, askari wakamrudisha. Alidhani maji yamekuchukua."

"Mwambie afunge waya, usawa wa kamba ya nguo, ukuta hadi ukuta. Ile ya kusimama aiache."

"Ataufunga kesho asubuhi." Sauti ikaanza kuzama. "Anauliza, bado wewe ni wake, au umeshapata..."

"Bibi? Bibi, mwambie..."

Mawimbi yalikuwa yamefunga. Muuguzi akaita mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejibu.

"Mwanangu, kaa chini," mama akasema.

"Nimekaa."

"Mwalimu Mkuu anakuja kesho na wazee wake. Nilimwambia umekubali."

Muuguzi akaweka kipaza sauti mezani.

"Kwa mdomo wa nani, mama?"

"Wangu."

"Basi mdomo huo huo ukamwambie."

Asubuhi mama alimkuta Mwalimu Mkuu kizingitini kwake anapiga viatu rangi.

"Mwalimu, nilikudanganya. Binti sikumuuliza."

Mwalimu akaendelea kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa.

"Wazee nimeshawaambia."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Hao wataelewa. Ila na watoto nimewaambia. Yule mdogo ameamka anauliza mama mpya anakuja saa ngapi."

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyinyi wenye mabinti, jamani, msimjibie mtoto swali ambalo hajaulizwa. Aibu yake hailipiki.

Aliporudi zahanati, alimkuta muuguzi ameganda mbele ya redio. Ndani ya mngurumo kulikuwa na sauti ya mwanaume, yenye mikwaruzo.

"Muuguzi, waya nimefunga. Kama unanisikia, niambie. Bado wewe ni wangu?"

Muuguzi akabonyeza kitufe.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo."

Maneno yakaisha, kikabaki kilio. Akalia huku amekibana kitufe kwa nguvu, na redio hizo ukibonyeza wewe, humsikii mwenzako.

Mama akamshika mkono taratibu.

"Achia kitufe, mwanangu. Mwache na yeye aseme."