Mshale Chini ya Sifuri

Mlango haukuvunjwa. Droo ya fedha ilikuwa salama, sigara ziko rafuni, hata ndizi hazikupungua. Kilichoibwa katika duka lile ni mizani ya wateja, ile ya kuning'inia yenye beseni pana. Juu ya meza ya vitunguu ilibaki ndoano tupu.

Inspekta aliitazama ndoano, akamtazama mwenye duka, kisha akaitazama tena ndoano. Alikuwa mwanamke wa sauti ya kukata, mwenye mazoea ya kuuliza swali huku nusu ya jibu anayo.

"Umeniita kwa ajili ya mizani?"

"Nimekuita kwa ajili ya wizi, afande. Na mwizi nimekwisha kukushikia."

Huyo aliyeitwa mwizi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, kofia mapajani. Alikuwa mlinzi wa usiku, mzee mrefu aliyejulikana mtaa mzima kama Babu Tochi. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa mikononi mwake na mwa mwenye duka tu.

"Mizani umechukua wewe?" Inspekta alimuuliza.

"Sijachukua."

"Nani kachukua?"

Mzee aliigeuza kofia yake mapajani.

"Unamjua?"

"Andika utakavyo, afande."

Jamani! Mtu mzima na mvi zake, amebakiza miezi michache astaafu, anajitafutia jela kwa mdomo wake mwenyewe! Mwenye duka alikwisha kuapa: kesho asubuhi mahakamani, kazi basi, na kiinua mgongo asahau. Inspekta hakuwa na la kufanya. Konstebo alimpeleka mzee mahabusu, Inspekta akabaki na siku hiyo moja ya kumtafuta mwizi wa kweli.

Mlangoni wateja walikuwa wamejaa, kila mmoja mpelelezi.

"Kajiibia mwenyewe!" alipaza sauti mama mmoja mwenye kikapu. "Si alitangaza kwamba Jumatatu anaiondoa? Mizani yetu ilikuwa inamuumbua!"

"Ilikuwa inanitia hasara," mwenye duka alimjibu. "Mnazibonyeza nyanya zangu kama mnakanda unga. Watoto wenu wanabembea kwenye beseni. Halafu mnakwenda kumtukana keshia. Mizani ya keshia inatosha!"

"Inatosha vipi? Nitajuaje nitalipa nini? Nisubiri mpaka nifike mbele ya watu, nianze kurudisha vitunguu kimoja kimoja foleni nzima ikinikodolea macho?"

Moyoni Inspekta alikuwa upande wa mama wa kikapu. Hakusema, maana polisi hana upande kwenye vitunguu. Alichukua pakiti ya sukari ya kilo moja, bado imefungwa kiwandani, akaiweka juu ya mizani ya keshia. Kilo moja kamili. Akaweka ya pili. Mbili kamili.

Keshia, mwanamke kijana aliyekuwa mkwe wa mwenye duka, alifuatilia tarakimu bila kupumua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapa hakuna wizi," Inspekta aliwatangazia. Kisha akamgeukia mama wa kikapu. "Ugomvi wenu ulikuwa nini hasa?"

"Nikipima kule, nikifika hapa inazidi."

"Kwa kiasi gani?"

"Robo kilo hivi."

"Ukinunua boga zima?"

"Robo."

"Ukinunua pilipili?"

"Ee, pilipili ndiyo usiseme! Mshale haukunyanyuka kabisa."

"Huwa unakuja wakati gani?"

"Wakifungua tu. Mimi ndiye huwaamsha hawa."

Mzee mmoja nyuma yake aliguna. "Mimi huja jioni. Sijawahi kuona tofauti hata siku moja."

Inspekta alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alimwita mpanga mboga, kijana mmoja maarufu kwa kuchelewa, akamuuliza kuhusu mshale.

"Nikifika naukuta umelala chini ya sifuri," alisema yule kijana. "Nageuza skrubu, unarudi. Nilidhani ni uzee wa springi."

"Springi inazeeka asubuhi tu, jioni inakuwa msichana?"

Watu walicheka. Kijana naye akacheka, ingawa hakuelewa.

Konstebo aliporudi, alimkuta bosi wake ameinama kwenye meza ya vitunguu, anakung'uta vumbi jeupe ndani ya bahasha.

"Afande! Dawa za kulevya?" Uso wa konstebo ulijaa matumaini ya kupandishwa cheo.

"Peleka maabara. Na usilinuse."

Walipobaki wawili uani, kabla konstebo hajaondoka, Inspekta alimfafanulia. Mizani inayopunja huzidisha kosa kadiri mzigo unavyozidi. Hii ilikuwa inakosea robo ileile, kwa boga na kwa pilipili. Basi kila siku, kabla duka halijafunguliwa, kuna mtu alikuwa akitandika kitu laini ndani ya beseni, anageuza skrubu mpaka mshale unasoma sifuri, ndipo anapima alichokusudia. Akimaliza anaondoa kitandiko na kusahau skrubu.

"Kitu gani hicho cha kutandikiwa, afande?"

"Si vitunguu, konstebo. Nenda maabara."

Jibu lilikuja mchana. Poda ya kupaka watoto. Konstebo aliisoma karatasi kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa medali.

Familia ya mwenye duka iliishi ghorofani, juu ya duka lao. Mwenye duka aliwaruhusu kupekua popote, akawatangulia ngazini akinung'unika. Sebuleni mkewe, mama mwenye haiba na ulimi mwepesi, alikuwa amepakata mtoto aliyefunikwa shali mpaka kidevuni.

"Hongera, mama. Mjukuu?"

"Wa kwanza, afande. Ametimiza miezi mitano."

"Kliniki wanasemaje?"

"Kliniki ya nini?" Bibi alicheka. "Tangu atoke hospitali alikozaliwa hajakanyaga huko, na hatakanyaga. Mjukuu wa mwenye duka la chakula akapangwe foleni apimwe kama ana njaa? Watoto wa ukoo wetu ni wembamba tu. Baba yake alikuwa hivihivi."

Keshia alikuwa amepanda kumnyonyesha mwanawe. Alisimama mlangoni, vifungo vya sare ya kazi vimelegezwa. Inspekta alimgeukia ghafla.

"Ana kilo ngapi?"

"Nne na robo."

Lilimtoka kabla hajaufunga mdomo. Bibi alimtazama mkwewe, midomo wazi.

"Na wiki iliyopita?" Inspekta aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nne na robo." Machozi yalianza kumtoka. "Na wiki ile nyingine. Mshale ukipanda kidogo, kesho yake palepale, afande. Palepale!"

"Mizani iko wapi?"

"Kabatini. Chini ya nguo zake."

Konstebo aliileta ikiwa imeviringishwa blanketi dogo la mtoto. Inspekta alilikunja blanketi na kulipima. Robo kilo. Hakumwonyesha mtu, hapakuwa na haja.

"Eleza," alisema.

"Nilimwomba mama nimpeleke kliniki, akasema nitawaaibisha. Mume wangu yuko safarini na lori. Nikimpigia simu ananiambia msikilize mama. Basi nikawa nashuka naye alfajiri, babu ananifungulia mlango wa nyuma, tunampima kwenye mizani ya wateja. Blanketi nilikuwa natandika ili asishtuke na baridi ya bati." Alijifuta uso kwa mkono. "Ile skrubu ni mimi. Kila siku nilikuwa natetemeka, nasahau. Wateja wakagombana kwa ajili yangu, baba akasema mizani iondoke. Ikiondoka nitajuaje kama mwanangu anaongezeka? Ndiyo maana nikaichukua."

"Ukamwacha mzee wa watu akamatwe?"

"Nilitaka kusema! Nilipofungua mdomo alinitazama, akatikisa kichwa. Nikaogopa. Nimekosa, afande. Nifungeni mimi, yeye mumwachie."

Bibi alikuwa amemkumbatia mtoto kwa nguvu, analia. "Niliogopa maneno ya watu," alisema. "Wangesema tunauza chakula na wetu anakufa njaa."

Mwenye duka alifika pale alipokaa mkewe, akalifunua shali. Miguu ya mtoto ilikuwa myembamba kama vidole vyake yeye. Miezi mitano alikuwa akimwona amefunikwa tu, akimbusu paji la uso na kushuka kazini.

"Maziwa yako chini ya sakafu hii," alimwambia mkewe. "Dawa ya kumponya ipo mtaa wa pili. Maneno ya watu yanauma kuliko njaa yake?"

Akamchukua mtoto mikononi.

"Mali ni yako, mashtaka ni yako," Inspekta alimwambia.

"Mashtaka gani tena, dada yangu? Una gari?"

Waliteremka wote. Mama wa kikapu alikuwa bado yuko mlangoni, hajachoka. "Mizani yetu itarudi?" akauliza.

"Itarudi," mwenye duka alijibu bila kusimama. "Nitanunua na ya pili. Nipishe, mama."

Jioni Inspekta alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu. Babu Tochi hakuuliza kuhusu kesi, wala kazi, wala kiinua mgongo.

"Wamempima?"

"Wamempima na wamemlaza. Daktari anasema bado tumewahi, atapona. Mama yake yuko naye, na babu yake amekataa kutoka wodini. Wewe huna kesi, na kazi yako ipo."

Mzee alishusha pumzi.

"Kwa nini hukusema?" Inspekta aliuliza. "Ungekwenda jela!"

"Afande, ningesema, mizani ingeshushwa chini na mtoto angebaki kule juu. Nani angempima?" Alikunjua viganja vyake vikubwa, akavitazama. "Mama yake alikuwa hawezi kuusoma ule mshale kwa machozi. Mimi ndiye nilikuwa nikimsomea. Mara mbili nilimdanganya. Nilimwambia umepanda kidogo."

Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, bila kujificha. Inspekta aliuacha mlango wazi, akakaa kando yake kwenye benchi.