Aliyekaa Kwenye Memori

Kidoti alisogeza kipanya. Kishale kwenye skrini kikatulia kwanza, kama mtoto aliyeitwa akajifanya hakusikia, ndipo kikafuata. Mara nyingine kilitangulia mkono wake. Hilo hakumwambia mtu.

Tangu asubuhi alikuwa studio ya shangazi yake, akitengeneza picha pekee ya marehemu mama. Ile ya karatasi ilikuwa imelowa. Iliganda kwenye kioo cha skana, na walipoibandua ikatoka vipande. Sasa uso wa mama ulikuwa ndani ya kompyuta tu, na kila alipojaribu kuuhifadhi, mashine iligoma.

Fundi akaitwa. Akachungulia, akakuna kidevu.

"Memori imejaa. Ni kama meza ya kazi, mdogo wangu. Meza ikijaa, mashine inaweka vitu sakafuni, na kila ikitaka kimoja lazima iiname ikaokote. Ndiyo maana inajikokota."

"Si juzi tu uliiongezea memori?" shangazi akauliza.

"Niliongeza. Na yeye akatanua makalio."

"Yeye nani?"

Fundi hakucheka; akawaonyesha orodha kwenye skrini. Picha ilichukua nafasi ndogo tu. Kwingine kote kulishikwa na kitu kisicho na jina. Akafunga programu moja, nafasi ikajaa papo hapo. Akafunga nyingine, ikajaa. Feni ya kompyuta ikaacha kuvuma, ikaanza kupumua, ndani, nje, polepole kama mgonjwa, na kwenye matundu yake ikatoka harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ikawapanda miguuni, ikawafika puani, hata shangazi akajiziba kwa ncha ya kanga huku akirudi nyuma bila kujua anarudi nyuma.

"Tuzime," fundi akanong'ona. "Umeme ukikatika, memori haibaki na kitu."

"Na mama?" Kidoti akauliza.

Shangazi akamshika bega. "Wifi yangu tulimzika, mwanangu. Hayumo humo."

Kidoti alitazama ule uso ambao maji yalikuwa yamekula midomo yake, akautazama mpaka macho yakamwasha. Akachomoa waya ukutani.

Giza likaingia kwenye skrini. Fundi hakungoja; alifungua mashine, akang'oa vipande vyote viwili vya memori, akavilaza mezani.

"Bila hivi haiamki," alisema, akajifuta jasho.

Skrini ikawaka.

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Kidoti. Uso wa mama ukatokea mara moja, bila kusuasua, mzima, na midomo yake yote, nayo ilikuwa na unyevu.

"Toka hapo, mwanangu," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Toka taratibu."

Skrini ikapepesa kidogo, kama taa inayotaka kufa.

Kidoti akainama chini ya meza, akautafuta ukuta kwa vidole, akarudisha waya mahali pake.